Kikapu cha Mgeni

Priscah alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Alikuwa amekiosha kwa maji ya moto, akakisugua ndani kwa ufagio wake mwembamba, akakipaka makaa ya mti wa senetwet kama alivyofanya miaka yote tangu aolewe. Hata hivyo mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, ilikuwa bado na chumvi kila alipoionja. Uchachu angeuelewa, mursik ni uchachu. Hii ilikuwa chumvi.

"Labda ng'ombe amelamba kitu," alisema Kogo Drusilla, mama mkwe wake, kutoka kwenye benchi la jikoni.

"Ng'ombe ni yule yule, Kogo. Maziwa yakiwa kwa ndoo ni sawa. Yakiingia kwa kibuyu yanaharibika."

"Basi ni mkono wako."

"Mkono wangu ndio umekulisha tangu nije hapa."

Kogo akacheka bila meno, na hapo ndipo waliposikia pikipiki ikizima langoni. Alikuwa Gordon, kijana wa kutoka upande wa ziwa ambaye alifanya kazi ofisi moja na Nelvine, binti ya Priscah, katika kiwanda cha chai. Hakuvua kofia ya pikipiki mpaka alipofika mlangoni.

"Mama, Nelvine ako aje?"

"Ako ndani, amekaa. Anasema amechoka. Si mlienda likizo kupumzika? Mbona amerudi amechoka hivi?"

Gordon aliangalia mlango wa sebule, akapunguza sauti. "Kuna kitu ningewaambia Jumamosi nilipomleta. Niliogopa mtaniona mjinga."

"Sema. Nina kazi."

Wafanyakazi wa ofisi ile walikuwa wameenda kisiwa kimoja huko pwani kwa wiki nzima, hoteli yenye nyumba za makuti, wafundishwe kuzamia baharini na mitungi ya hewa mgongoni. Gordon ndiye aliyekuwa na kamera ya kupiga picha chini ya maji. Alitoa simu yake, akaikinga na mwanga kwa kiganja ili Priscah aone.

Maji yalikuwa ya buluu. Watu walivaa nguo nyeusi za mpira, na mapovu yalipanda kutoka vinywani mwao. Nelvine alitambulika kwa utepe wa njano kwenye nywele. Alikuwa amejitenga na wenzake, amepiga magoti kwenye mchanga mbele ya mwamba. Kisha akatoa kifaa cha kupumulia mdomoni, polepole, kama mtu anayetoa kijiko, akaanza kuongea. Akanyamaza, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Akaongea tena. Hakuna povu hata moja lililomtoka.

"Anaongea na nani?"

"Hakuna mtu hapo, Mama. Ni mwamba tu. Na alikaa hivyo kwa muda ambao mtu anakufa mara mbili."

"Na alipotoka?"

"Alisema kuna mtu ameomba kuja kuona chai inavyomea. Tulicheka. Tulidhani ile hewa ya mtungi imempanda kichwani."

Priscah alifuta mikono kwenye leso. Alikumbuka Jumamosi langoni, alivyosimama na kibuyu kile kile kumpokea mtoto aliyetoka safari ya mbali, kama mama yeyote wa Kipsigis angefanya. Kwa sababu Gordon na wengine walikuwa garini, na si vizuri kumkaribisha mmoja na kuwaacha wengine, alisema: "Karibuni nyote mliokuja naye. Hapa ni kwenu. Kunyweni." Wale wa garini walipunga mikono tu, walikuwa wamechelewa. Nelvine peke yake ndiye aliyekunywa. Akanywa, akapangusa mdomo. Kisha akanywa tena, macho wazi, kama mtu ambaye hajawahi kuona maziwa na ameambiwa tu kwamba hiki ndicho chakula cha huku.

Na tangu siku hiyo alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma, ambacho hakuna mtu wa nyumbani aliyekikalia. Alikaa mikono magotini. Akiletewa chai alisema, "Ahsante kwa ukarimu wenu." Mama yake alidhani ni maringo ya hoteli.

Priscah alisukuma mlango wa sebule. Kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa, na chumba kilinuka kama samaki na chuma.

Wakati huo huo sauti ya Kimeli, mumewe, ilisikika kutoka chini ya shamba. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaita jina la mkewe kwa sauti ndogo, akirudiarudia, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

Walimkuta kwenye bwawa la samaki alilochimba mwaka juzi. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya michai. Kimeli alinyoosha kidole tu. Maji yale hayakuwa na kina kirefu, na kupitia rangi yake ya kijani Nelvine alionekana vizuri, amekaa chini kabisa kwenye matope, mgongo wima, mikono magotini, macho wazi, na samaki wadogo wakimzunguka usoni bila kumwogopa, na juu yake maji yalikuwa yametulia, hayana povu, hayana hata duara dogo la kuonyesha kwamba chini yake kuna kitu chenye mapafu.

Gordon ndiye aliyeruka. Walipomtoa hakukohoa.

"Mmenikatiza," alisema kwa upole. "Maji yenu ni baridi, lakini si mabaya."

Kiswahili chake kilikuwa laini, cha watu wa pwani. Hakuna mtu kwenye mlima ule aliyewahi kuongea hivyo, sembuse Nelvine, ambaye alichanganya Kiswahili na Kiingereza kama mahindi na maharagwe ya githeri.

Kimeli alimpigia simu Pasta Lazarus, ambaye kanisa lake lilikuwa karibu na nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Alikuja na koti la mvua na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa. Nelvine alikuwa amerudi mwenyewe kwenye kiti cha wageni, nguo zikidondosha maji, na amekataa shuka.

"Wewe pepo," Pasta alianza, "kwa jina la Yesu, toka."

"Kwa nini wapiga kelele, mchungaji?" alisema Nelvine. "Mimi si mwizi. Nilikaribishwa langoni nikapewa maziwa. Muulize mama mwenye nyumba."

Kimeli alimwangalia mkewe.

"Toka!"

"Nitatoka, ukitaka. Lakini niliingia kwa pumzi yake. Nikitoka, naondoka nayo."

Pasta alidhani ni vitisho, maana alikuwa amewahi kusikia vitisho vingi. Aliinua sauti, na kila alipoamuru maji yalimtoka Nelvine puani, kwanza tone, kisha uzi, kisha mkondo uliotiririka kifuani na kufika sakafuni ukinuka bahari ambayo Priscah hakuwahi kuiona, na midomo ya mtoto wake ikageuka buluu, na kucha zake pia, na shingo yake ikaanza kuruka kama ya mtu anayetafuta hewa akiwa chini sana, mahali ambapo kelele za waliokuwa wakimwombea hazingemfikia, na bado uso wake ulibaki mtulivu, wa mgeni anayesubiri wenyeji wamalize ugomvi wao.

"Pasta, nyamaza," alisema Priscah.

Hakuwahi kumwambia mchungaji neno hilo. Pasta Lazarus alinyamaza. Maji yakaacha kutiririka. Nelvine alibaki amekaa, kifua hakipandi wala hakishuki.

"Atakufa," Kimeli alinong'ona. "Mama Nelvine, ukifukuza huyo, mtoto anakufa."

"Nimeona."

Alivuta kigoda akakaa mbele ya kiti cha wageni, magoti yao karibu kugusana. Baridi ilitoka kwenye ile nguo iliyolowa kama mlango wa friji umefunguliwa. Alizungumza kwa sauti aliyotumia kwa wauza sabuni waliokuja langoni.

"Wewe ni mgeni wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikunywa maziwa yangu."

"Nilikunywa. Yalikuwa mageni kwangu, lakini nilikunywa."

"Ulikuja Jumamosi. Leo ni Jumatatu. Huko kwenu sijui mgeni anakaa aje. Hapa mgeni ni siku mbili. Ya tatu anapewa jembe."

Mvua ilianza kupiga mabati. Kogo, aliyekuwa amesimama mlangoni akishikilia fremu, alisema, "Ni kweli. Hata mimi nilipewa, na nilikuwa bibi arusi."

"Jembe ni moja tu na mzee analitumia," Priscah aliendelea. "Nitakupa kikapu."

"Vema," kilisema kile kilichokaa. "Nitachuma kwa mikono hii."

"Hapana. Mikono hiyo ni ya Nelvine, na Nelvine ana kikapu chake. Katika boma hili hakuna anayechumiwa na mwingine. Hata Kogo anachuma yake."

"Na mgongo wangu huu unaouma," alisema Kogo.

"Na nikikataa?"

"Basi wewe si mgeni tena. Mtu anayekaa kwa mtoto wa wenyewe, anakula, hafanyi kazi, hataki kutoka, huyo ni mwizi. Na umesema mbele ya Pasta kwamba wewe si mwizi."

Kile kitu kilimtazama Priscah kwa macho ya binti yake, na kwa mara ya kwanza aliona nyuma ya macho hayo jinsi kulivyokuwa na kina, giza juu ya giza, na kwamba kitu hicho kilikuwa cha kale kuliko milima hii na kwamba hakijawahi kuulizwa swali kama hilo na mtu yeyote.

"Mwenye kuchuma hapa," kiliuliza hatimaye, "hupewa nini?"

"Anachopewa kila mtu," alijibu Priscah. Alijibu haraka, bila kufikiri, kama alivyomjibu kila kibarua aliyewahi kuuliza kabla ya kuanza kazi.

"Nimekubali."

Nelvine alivuta pumzi. Ilikuwa ndefu na ya kukwaruza, kama mtu aliyefika juu ya maji, kisha akakohoa na kukohoa, akaanguka mbele mikononi mwa mama yake. Alikuwa mzito na mwenye joto.

"Mum," alisema huku akilia, "nasikia baridi. Tuko wapi?"

"Nyumbani. Nyamaza. Gordon, leta hilo blanketi, usisimame kama mti."

Alipoinua kichwa aliona pazia la mlangoni limejaa kama lina mtu ndani yake, halafu likarudi. Vikapu vilikuwa viwili ukutani pale nje. Sasa kimoja hakikuwepo.

Walisogea dirishani wote isipokuwa Nelvine. Mvua ilikuwa imepungua na ukungu umekalia shamba. Kutoka pale michai ilionekana imetandazwa sawasawa mpaka bondeni, juu yake bapa, kijani, haina shimo. Upepo ulikuwa ukitoka kushoto. Lakini katikati ya shamba, kwenye mstari mmoja, machipukizi yalikuwa yakitikisika kuelekea huko huko upepo unakotoka, yakipanda na kushuka, kama kuna kitu kinachopita chini yake.

"Kumbe inafanana na bahari," alisema Gordon polepole. "Ukiwa juu ya boti. Ni hivyo hivyo."

"Ni upepo," alisema Kimeli.

"Upepo hauchumi," alisema Kogo.

Kwa kweli nyuma ya ule mtikisiko michai ilibaki imebadilika rangi, imenyolewa ule ujani mchanga, mstari baada ya mstari. Pasta Lazarus alifungua Biblia yake, akaifunga. Aliuliza kama angeweza kusubiri mvua iishe kabisa, akaambiwa asubiri.

Kabla ya lori la majani kufika, kikapu kilikuwa mlangoni, kimejaa mpaka juu. Priscah aliingiza mkono ndani. Majani mawili na chipukizi, kila mahali, hakuna jani gumu, hakuna kijiti. Yalikuwa yamelowa na yalinuka bahari kwa mbali, harufu isiyochukiza.

"Nimwage hii?" aliuliza Kimeli.

"Umwage kwa nini? Lori linakuja."

"Watu watakunywa."

Priscah alifikiri juu ya hilo, kisha akamsaidia kubeba.

Jioni alisonga ugali mkubwa, akakaanga mboga ya isagek na maziwa, akachinja kuku kwa sababu Pasta alikuwepo. Nelvine alikuwa amekaa karibu na moto ndani ya blanketi, nywele zimekauka, akimlaumu Gordon kwa kumwonyesha mama yake video bila ruhusa. Gordon alikuwa akimwambia kwamba mara nyingine wataenda likizo Kisumu wakae juu ya viti tu. Kogo alitaka mguu wa kuku na alisema hivyo mara kadhaa.

Pasta aliomba, maombi mafupi kuliko kawaida yake. Priscah alisimama na mwiko mkononi akawahesabu kwa macho kabla ya kupakua, kama alivyofanya kila usiku. Kimeli. Kogo. Nelvine, anayepumua. Gordon. Pasta. Aliwapakulia wote, akajipakulia mwenyewe, kisha akachukua sahani nyingine kabatini, akakata kipande cha ugali, akaweka mboga na paja la kuku.

"Mum," alisema Nelvine, "hiyo ni ya nani?"

"Ya aliyechuma."

Aliitazama sebule, kiti cha wageni na kitambaa chake kilichoanikwa. Hakuipeleka huko. Aliiweka kwenye benchi la jikoni, mahali pa watu wa nyumbani, kati ya Kogo na ukuta. Kogo aliitazama ile sahani kwa muda. Halafu akakusanya nguo yake, akasogea kidogo kuacha nafasi.

"Tumetimia," alisema Priscah. "Kuleni kabla haijapoa."