Dirisha la Tatu Kwenye Skrini

Jumatano hiyo skrini ya kituo cha afya cha Mfangano ilifungua madirisha matatu badala ya mawili. Moja lilikuwa la Sista Cate mwenyewe, muuguzi wa kisiwani. La pili lilikuwa la Daktari Monari, ambaye kila wiki aliwatazama wagonjwa wa visiwani akiwa ameketi hospitalini Migori na kikombe chake cha chai. La tatu halikuwa na mtu. Lilionyesha kitanda cha magurudumu na pazia la kijani, na kwenye spika ikasikika pumzi ya mtu aliyechoka, kama aliyepanda mlima na ndoo ya maji kichwani.

"Daktari, ni nani mwingine ameingia?" Cate aliuliza.

"Hakuna. Mimi naona wewe na mimi tu."

"Na hicho kitanda?"

Monari aliweka kikombe chini. "Kitanda gani, Sista?"

Cate alikijua kitanda kile, na pazia alilijua pia, ingawa Migori walikuwa wameling'oa tangu msiba wa Achieng.

Inauma kuusimulia msiba huo, lakini bila huo hakuna hadithi. Achieng alikuwa binti wa pekee wa Phelesia, mwanika omena, dagaa wa ziwa, wa hapo kisiwani. Aliolewa Suna, ng'ambo ya ziwa, na kijana aitwaye Willis, akajifungua mtoto wa kiume hospitalini Migori, kisha damu ikakataa kusimama. Siku hiyo ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna mwenye boti aliyethubutu kumvusha mamake hadi Migori. Monari alipoona dawa zote zimeshindwa, aliamuru kitanda kisukumwe hadi chumba cha mitambo, mgonjwa amwone mamake japo kwa skrini. Humo ndimo Achieng alimokata roho, macho yakiwa kwenye kamera, akisema, "Mama, kuja unibebe." Huku kisiwani Phelesia alikuwa ameibandika mikono yake miwili kwenye kioo. Cate ndiye aliyembandua.

Sasa, wazee wa pande hizo husema mtu akifia mbali na kwake, jamaa sharti waende pale pale alipokata roho, wamwite kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Wasipofanya hivyo watasafirisha mwili, na mwenyewe atabaki. Watu wa Willis walikuwa wanaijua desturi. Walimwita Achieng wodini, wakamwita tena mochari, wakaenda kumzika Suna katika boma la mumewe kama inavyompasa mke wa mtu. Lakini chumba cha mitambo hawakukanyaga, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kuanzia hapo kila Jumatano dirisha la tatu lilifunguka lenyewe. Chumba cha kisiwani kilijaa harufu ya spiriti na damu, hata Cate alipopiga deki mara mbili. Kwanza kilionekana kitanda. Wiki iliyofuata ukaonekana mkono kwenye ukingo wa kitanda, kisha paji la uso lililolowa jasho, na kila wiki lilikuwa limesogea karibu na kioo. Wagonjwa walianza kusingizia kupona. Yule waliyemwona, Waswahili wangemwita jini. Wao walimwita jachien, tena kwa kunong'ona, wasije wakaitikiwa.

Akina mama wa kanisa walikuja na Susana, kiongozi wao wa maombi, mwanamke ambaye sauti yake ingefukuza fisi. Waliimba, wakaomba, wakanyunyiza maji ya baraka hadi Cate akahofia stima. Susana akafunga sala, wenzake wakaitikia Amina. Kisha Amina moja ikaja imechelewa, nyembamba, kutoka kwenye spika. Susana alitoka bila viatu vyake, na mpaka leo hajavirudia.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakukimbia. Phelesia alikuja kila Jumatano akilalamika magoti, akaketi kwenye benchi lililo karibu na skrini, wala hakuomba dawa. Cate alimwona mara kadhaa akiinamia kioo na kunong'ona. Alimwacha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kisha ikafika Jumatano ya Truphena. Binti huyo, mdogo tu wa watu, alijifungua salama asubuhi, na kabla ya saa sita damu ilikuwa imeloanisha godoro. Upepo ulikuwa mkali, boti ya wagonjwa haikuweza kuondoka, na mlingoti wa simu ulikuwa umezimika tangu jana yake. Ulibaki mtambo wa skrini peke yake, unaotumia setilaiti. Cate alikisukuma kitanda cha Truphena hadi mbele ya kamera, akawasha, akamwita Monari, na badala ya Monari, uso wa Achieng ukaijaza skrini yote, umekaribia hivi kwamba yalionekana macho na mdomo tu, na ile pumzi ikapanda ikawa nzito ikaifunika sauti ya daktari aliyesikika kwa mbali akipiga kelele, "Sista, nionyeshe! Nionyeshe mgonjwa!", na harufu ya damu ya chumba kile na ya chumba hiki zikachanganyika mpaka Cate, mikono yake ikiwa juu ya tumbo la Truphena, hakujua tena ni mwanamke yupi kati ya wale wawili aliyekuwa akimfia.

"Mama Achieng!" alilia. Phelesia alikuwa ameketi palepale kwenye benchi. "Ongea na yeye! Huyu mtoto wa watu anaenda!"

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie atoke! Mbona watu wa Willis hawakumwita kwa hicho chumba?"

Phelesia aliangalia sakafu. "Willis aliniuliza kwa simu alikufia wapi. Nikamwambia ni wodi."

"Yawa! Na ulikuwa unaona!"

"Wamechukua mwili, wamechukua mtoto. Hata kuzika sikufika. Mimi wangeniachia nini, Sista?"

Truphena alinyoosha mkono hewani, akatafuta kitu cha kushika. "Mama," alisema, ingawa mamake hakuwepo.

Neno hilo ndilo lililomwinua Phelesia. Alisimama mbele ya skrini, akaweka viganja vyake kwenye kioo, kama siku ile.

"Achieng, nyathina, mwanangu. Toka hapo. Hapo si kwako, na kwangu si kwako tena. Nenda Suna. Mtoto wako analia, nenda umwangalie. Mimi nimekuachilia."

Pumzi ikasimama. Dirisha likafungika, na akatokea Monari, jasho tupu, akimwelekeza Cate mahali pa kubana na dawa ya kumchoma sindano. Damu ilisimama. Truphena akalia, na Cate akalia naye, na kwa nini asilie?

Katika hekaheka hiyo, Cate aliinua macho mara moja tu. Alimwona Phelesia amefungua leso kiunoni na kuitandaza chini ya skrini. Kisha aliiinua polepole kwa mikono miwili, akaifunga mgongoni bila kitu ndani, akatoka ameinama.

Mtambo sasa unafanya kazi. Madirisha ni mawili, na wagonjwa wamerudi. Ila Willis alimpigia Cate simu kutoka Suna akiuliza dawa ya mtoto asiyelala. Kila jioni, alisema, anageukia mlango, ananyoosha mikono, anangoja. Halafu analia.

Cate alishuka ufuoni akamkuta Phelesia kati ya nyavu za omena, mgongo umepinda kuliko zamani, mikono ameishikanisha nyuma chini ya leso.

"Mama Achieng, si ulimwambia aende Suna?"

"Nilimwambia."

"Na hiyo leso?"

Phelesia aliyumba taratibu, mguu huu, mguu ule. "Aliniomba kitu moja tu, Sista, nimbebe, na sikufika. Sasa nitamkataza aje?"

Cate alitazama. Leso ilikuwa tupu, ikipeperuka na upepo wa ziwa. Kisha upepo ukatulia, leso ikajaa, fundo likakaza kifuani mwa mama, na ikasikika pumzi ya mtu aliyechoka.

"Usiongee kwa nguvu," Phelesia alinong'ona. "Ndio amelala."