Sabuni ya Unga wa Mbao

"Lete hilo kopo!"

"Sileti!"

"We mtoto, nataka kunawa nile."

"Kwa petroli, baba?"

Fundi alisimama mlangoni mwa gereji, mikono myeusi hadi viwikoni. Kila mchana alinawa petroli, grisi ikatoka, akakaa kula. Alifundishwa na baba yake, na gereji nzima ikamwiga. Leo binti yake wa miaka kumi na miwili amelibana kopo kwapani, kifuniko kimekazwa.

"Miaka ishirini nanawa hivi. Nimekufa?"

"Hata babu alisema hivyo hivyo."

Mafundi wakaweka nyundo chini, wakamgeukia babu. Babu alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu. Siku hizi akipiga hatua kumi anahema. Juzi mjukuu alimsindikiza hospitali, akamsikia daktari: uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, umeota makovu. Ugonjwa hauambukizi, ila ni wa kudumu. Wengi huupata uzeeni, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Lakini mvuke wa petroli, ukiuvuta miaka nenda miaka rudi, unaweza kuongeza hatari.

"Sasa grisi niitoe na nini? Mate?"

Mafundi wakaangua kicheko. Binti hakucheka. Alivuta beseni kutoka chini ya meza: sabuni ya maji, mafuta kidogo ya kupikia, na unga wa mbao aliouomba kwa seremala. Mara ya kwanza alipochanganya, ilikuwa uji mtupu. Ya pili ilikwaruza kama msasa. Hii ilikuwa ya tatu.

Akamshika baba mkono, akasugua, akamwagia maji. Weusi ukatoka wote, likaonekana hata kovu ambalo fundi mwenyewe alishalisahau.

"Lo!" akasema mmoja. "Kumbe bosi ana vidole!"

Babu akainuka taratibu. "Mwanangu, kunawa petroli nilikufundisha mimi, na nilikufundisha vibaya. Daktari hawezi kuapa kwamba ndiyo iliyoniumiza, maana hata umri ninao. Lakini hatari ukishaijua, iepuke. Na anayekuonyesha njia salama msikilize, hata kama bado anavaa sare ya shule. Mjukuu wangu huyu, natembea naye kifua mbele."

Fundi alinusa mikono yake. Akanusa tena. Kisha akawakazia macho mafundi.

"Mnashangaa nini? Huyo ni binti yangu! Pangeni mstari, mnawe!"

Akalichukua kopo la petroli, akageuka, akaenda kulifungia stoo.