Mguu wa Kushoto wa Murugi

Kila asubuhi, chai ikiwa bado inatokota jikoni, Murugi alitoka uani, akasimama kwa mguu mmoja na kuhesabu hadi thelathini. Kisha alirudi ndani akatia alama kwenye kadi iliyobandikwa ukutani. Kadi hiyo alipewa na Bi. Kasyoka, mtaalamu wa viungo mjini Nyeri, baada ya kifundo cha mguu wake wa kushoto kuteguka mara ya pili katika mazoezi ya taekwondo.

"Kifundo kikilegea, kupumzika peke yake hakutoshi," Bi. Kasyoka alikuwa amemwambia. "Lazima ukifundishe upya kusimama. Fanya kila siku kwa wiki nane."

Murugi hakukosa hata siku moja. Lakini alikuwa na siri, nayo ingechekesha kama isingekuwa ya aibu. Mguu wa kushoto ulitetemeka mno, ukamchosha na kumkasirisha. Basi alisimamia wa kulia, ule mzima. Kadi haikuuliza ni mguu gani, alijiambia. Mwisho wa muhula kungekuwa na mashindano mjini Nanyuki, na msichana huyo wa miaka kumi na mitatu hakutaka kitu kingine chochote ila kuwa katika timu.

Jumamosi ya wiki ya nne aliipeleka kadi kwenye ukumbi wa kanisa, ambako Mwalimu Jackton, askari polisi, aliwafundisha watoto taekwondo bila malipo. Mwalimu aliitazama, akatabasamu.

"Alama zote! Haya, vua viatu. Funga macho, simama na mguu wa kulia."

Murugi alisimama imara, hata unywele haukutikisika.

"Vizuri sana. Sasa wa kushoto."

Hakufika sekunde ya nne. Aliyumba, akapepesuka, na rafiki yake Wangechi akamdaka kabla hajaanguka. Mwalimu aliitazama kadi, kisha akaitazama ile miguu miwili.

"Murugi, ulikuwa unazoeza mguu gani?"

"Wa kulia, mwalimu," alijibu kwa sauti ndogo.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu Jackton hakucheka.

"Yaani dawa umempa asiyeumwa! Ukirusha teke na mguu wa kulia, si utasimamia huo wa kushoto? Uteguke tena mbele ya watu? Hapana. Jina lako nalitoa kwa orodha ya timu."

Machozi yalimlengalenga Murugi, lakini hakuondoka. "Na nikianza leo, mwalimu?"

"Tuko na wiki nne. Sekunde thelathini, mguu wa kushoto, macho yamefungwa. Ukiziweza, tutaongea."

Jioni hiyo Murugi alimweleza mama yake kila kitu, akaibandua kadi na kuchora nyingine isiyo na alama hata moja. Alianza kwa sekunde tano tu, akiwa ameshika ukuta. Alisimamia mguu wa kushoto akipiga mswaki, na akiosha vyombo. Wiki ya pili aliuachia ukuta. Wiki ya tatu alipanda juu ya gunia lililokunjwa, naye mama yake akawa anamrushia viazi adake bila kushusha mguu.

"Ati hiki nacho kimekushinda?" mama alimtania, akiokota kiazi chini ya meza. "Leo tutakula ugali basi!"

Kuna siku mvua ilinyesha na baridi ikamkata miguu, naye akatamani kurudi kitandani. Hakurudi. Alikuwa amechoka kujidanganya.

Siku ya jaribio ilifika. Wangechi alishika saa, Murugi akafumba macho. Mwalimu Jackton aligeuka kidogo kumfunga Ngatia mdogo mshipi uliofunguka. Hapo ndipo kidole cha mguu wa kulia kilipogusa sakafu, kikainuka mara moja.

"Endelea, hakuna mtu ameona," Wangechi alinong'ona.

Murugi alifumbua macho. "Mwalimu, nimegusa chini. Ni sekunde ngapi, Wangechi?"

"Ishirini na saba," Wangechi alisema kwa huzuni.

Mwalimu aliuacha mshipi, akamgeukia. "Pumzika. Halafu rudia."

Murugi alirudia. Kifundo kilitetemeka, kikajirekebisha, kikatetemeka tena. Wangechi alipopiga kelele "Thelathini na nne!" watoto wote walishangilia.

Mwalimu Jackton alichukua kalamu, akaliandika jina la Murugi kwenye orodha.

"Sikilizeni nyote," alisema. "Ile kadi ya kwanza ilijaa alama, na haikumsaidia kitu. Kazi ya kujionyesha haiponyi mtu. Murugi alipokubali udhaifu wake, ndipo akapata nguvu. Na leo amesema ukweli wakati mimi sikuwa naangalia. Mchezaji kama huyo naweza kumpeleka popote." Alimgeukia Murugi. "Lakini mazoezi hayajaisha. Kesho asubuhi uendelee."

"Mguu gani, mwalimu?"

"Yote miwili!" alijibu, na safari hii hata yeye alicheka.