Kirungu cha Stendi

Mpiga picha alikuwa amekikaza kirungu mwenyewe, tena kwa nguvu zote za vidole. Aliporudi kutoka kunawa mikono, akaikuta kamera imesogea, karibu iguse pete aliyokuwa akiipiga.

Kazi yake ilikuwa kuwapigia masonara picha za pete na hereni kwa karibu mno. Kamera ilikaa juu ya stendi ya miguu mitatu yenye reli fupi ya chuma. Ukizungusha kirungu chake, kamera inasogea mbele kiasi cha unywele. Stendi ilikuwa ya marehemu kaka yake. Baada ya msiba shemeji aliiulizia, ili aendeleze kazi ya mumewe apate kulea wanawe. Mpiga picha akamjibu, "Imeharibika, shemeji. Nimeshaitupa."

"Umeichezea stendi?" alimuuliza mkewe aliyekuwa akifagia.

"Mimi na hilo lidude lako wapi na wapi? Litanivunja mguu bure!"

Kesho yake kirungu kilizunguka huku akikitazama. Krrr. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Na kila kilipozunguka, Mungu atuepushe, upeo wa macho yake nao ukapungua: mabango ya ng'ambo ya barabara yakawa ukungu, kisha mlango, kisha uso wa mkewe, hata akawa anaziona nyuzi za gauni lake tu, asimwone aliyelivaa.

Mkewe akamwita maalimu. Maalimu akasoma, akapuliza, akajifuta jasho.

"Anasemaje huyo jini?" mke akanong'ona.

"Hataki damu wala ubani. Mwenye chombo aambiwe kweli, akipokee kwa mkono wake. Akikikataa, mimi sina dua ya kulazimisha moyo wa mtu."

Wakaenda, mke akimshika mkono, yeye na stendi begani, na njia nzima kile kirungu kikimkwaruza sikioni, krrr, krrr, na ule ukungu ukimsogelea usoni kama mtu anayetaka kumwambia siri, mpaka walipofika uani ambako shemeji alikuwa akifua nguo za watu.

"Shemeji, haikuharibika. Nilikudanganya. Ipokee, nakuomba kwa jina la Mungu. Nakuwa kipofu."

Akasikia nguo ikikamuliwa. Halafu harufu ya sabuni ikamjia karibu.

"Unaniona?"

"Bado."

Shemeji akasogea tena, pua kwa pua. "Na sasa?"

Akaliona jicho moja, kavu. Ndani ya mboni akajiona mwenyewe, kadogo, na nyuma ya bega lake kitu kirefu kimeinama, vidole vyake juu ya kirungu.

"Nakuona, shemeji."

"Mimi nilikuwa nakuona kila siku. Nikipita na furushi la nguo za watu, naiona dirishani kwako, imesimama." Akarudi kwenye beseni lake. "Si iliharibika? Basi kaitupe."

Begani, taratibu, kirungu kikazunguka.