Fungu la Mchinjaji

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUSAFIRI NJE YA NCHI NA SAMAKI WAKAVU KWA AJILI YA KITOWEO BINAFSI

Hivyo ndivyo Agapiti, bwana samaki wa Ifakara, alivyotaka kichwa cha barua kiandikwe, kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Athumani, mtunza stoo wa hospitali, alikuwa ameandika "samaki wa njiani" tu. Akarudishwa.

"Lete kwanza hao samaki niwakague," Agapiti alimwambia.

"Kibali kikitoka nitawanunua."

"Hakitoki mpaka wakaguliwe. Ila na wewe usinunue kabla ya kibali, utakuwa umevunja utaratibu." Akafikiri kidogo. "Nunua kimyakimya."

Ndiyo maana jioni ile, mwaka tisini na tisa, Athumani alikuwa juu ya baiskeli akirudi kutoka kivukoni, kapu la kambale waliokaushwa kwa moshi limefungwa nyuma. Kiunoni alikuwa na kisu chake cha kuchinjia, ametoka kukinoa.

Kisu nacho kilikuwa cha safari. Daktari mmoja Mzungu aliyestaafu, mwenye nyumba katika kisiwa cha Malta, alikuwa amewatumia yeye na mkewe tiketi za ndege, waende wakakae juma zima. Fungate lao la kwanza lilikuwa limeishia Jumatatu, kwa sababu stoo ilikuwa na wakaguzi. Tangu hapo ilikwisha pita miaka tisa, na mimba mbili zilizoharibika, na ukimya mrefu mezani. Juma hili Athumani alilitaka kama mgonjwa anavyoitaka asubuhi.

Siwema, mkewe, ndiye aliyepanga kila kitu. Alikulia katika kambi za mashamba ya miwa, ambako kila dini ilipika ukuta kwa ukuta na nyingine, akajifunza mapema kuuliza sufuria ilipikiwa nini.

"Kule nguruwe anaingia hata kwenye maandazi," alisema. "Tutakula samaki wetu. Tukichoka samaki tutanunua kuku mzima, umchinje mwenyewe nyuma ya nyumba."

"Nimchinje kuku Ulaya? Nitafungwa."

"Nitakuletea uji gerezani, mume wangu. Mimi nyama nitakula uliyochinja wewe, basi. Na jioni tutatembea ufukweni tumeshikana mikono. Nani atatucheka? Hawatujui."

Alikuwa amecheka aliposema hivyo. Athumani alikuwa hajakisikia kicheko kile kwa muda mrefu.

Sasa alikata njia ya mkato, kando ya mto Lumemo. Jua lilikuwa limezama. Adhana ya Magharibi ikaanza mbali, ikipeperuka na upepo, mara ipo, mara haipo.

Vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

"Kaka mchinjaji..."

Mwanamke alikuwa amesimama ukingoni, kati ya matete, ameshika kamba ya beberu mweusi. Umri wake kama wa Siwema. Khanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Habari za jioni, dada."

"Nichinjie, kaka. Watu wanasubiri."

Jambo la kawaida. Wakristo ndio wengi pale mjini, lakini mtu akitaka wageni wake wote wale, humwita Mwislamu achinje. Athumani alikwisha chinjia harusi, komunyo na misiba isiyohesabika, na malipo yake yalikuwa shingo ya mnyama, fungu la mchinjaji. Hakuwahi kumkatalia mtu.

Ila kila mara aliuliza kwanza maswali mawili. Mnyama wa nani? Wa shughuli gani? Babu yake ndiye aliyemfundisha, kwa sababu katika bonde lile wako wanyama wanaochinjiwa watu, na wako wanaochinjiwa vitu ambavyo si watu.

Jioni ile sala ilikuwa inampita. Alikuwa na haraka.

Hakuuliza.

Akamlaza beberu, akamgeuza kibla. Mnyama hakufurukuta. Alikuwa baridi, ngozi yake inateleza kama kambale. Athumani akataja jina la Mungu, akapitisha kisu.

Damu haikutoka.

Yalitoka maji. Maji ya rangi ya udongo, mengi, yenye harufu ya tope na majani yaliyooza, yakamwagika juu ya mikono yake na kurudi mtoni taratibu, kama yanaijua njia. Na beberu, shingo wazi, alikuwa bado anamtazama.

Mwanamke akainama. Pumzi yake ilikuwa baridi sikioni.

"Asante, kaka," alinong'ona. "Sasa ni halali."

Athumani hakumbuki alivyoipanda baiskeli. Anakumbuka mnyororo ulichomoka karibu na shule, akaiacha palepale na kapu lake, akakimbia kwa miguu. Anakumbuka kwamba ingawa alikimbia, kila alipogeuka harufu ya tope ilikuwa mbele yake, siyo nyuma.

Mbele yake.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Taa ya chemli inawaka. Chungu kilikuwa jikoni, kinachemka peke yake.

"Siwema?"

Chungu kikafoka. Akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na shingo ya mbuzi.

Jirani yao Klementina, mama wa Kindamba, kabila la bonde lile, aliyewazidi umri, alikuwa uani kwake akianua nguo.

"Shikamoo, mama. Mke wangu yuko wapi?"

"Marahaba. Si ametoka sasa hivi? Anamsindikiza mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mwanamke mmoja alileta nyama. Mkeo unamjua, akamsimamisha mlangoni: nani kachinja? Akajibiwa, mumeo, hili ndilo fungu lake. Ndipo akaipokea." Klementina akamwangalia mikono, iliyokauka udongo. "Akaonja hata mchuzi. Kisha mgeni akaaga, akasema anaogopa giza la mtoni. Sasa utamwacha mtu aende peke yake? Mkeo akajifunga khanga, akamsindikiza."

Kila mtu pale husindikiza mgeni. Asiyesindikiza hana adabu.

Athumani alirudi njia ileile mbio, akiita. Siku zote husemwa mtu asiitwe kwa jina karibu na maji jioni. Aliita hata hivyo. "Siwema! Siwema!" Sauti yake ilikwenda juu ya mto ikarudi imepungua.

Kisha, kwenye kona ya matete, akatokea mtu.

Siwema. Peke yake. Anatembea polepole.

"Nimeshamsindikiza," alisema.

Athumani akamkumbatia palepale njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Ifakara. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Mkewe hakutetemeka. Khanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

Kesho yake Klementina alimwita pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini. Mwaka wa mvua kubwa, mwanamke mmoja alichukuliwa na Lumemo, na mwili haukuonekana. Ndugu wakafunga beberu wa kuchinjwa kumuaga. Wakati huo kuchinja kulikuwa kumepigwa marufuku, kwa ajili ya ugonjwa wa mifugo, wakaambiwa waombe kibali. Wakaomba. Kibali kilipokuwa bado kinashughulikiwa, beberu alikata kamba usiku, akaingia mtoni mwenyewe.

"Kwetu marehemu asiyechinjiwa hajaagwa," Klementina alisema. "Yupo tu pale, anasubiri wa kumsindikiza. Mwenye kuila ile nyama ndiye anayekwenda naye."

"Lakini Siwema amerudi."

Klementina akatazama dirisha la nyumba yao kwa muda. Tangu siku hiyo hakuja tena kuomba chumvi.

Baiskeli ilipatikana. Samaki walikaguliwa, kibali kikatoka, mihuri miwili. Siku ya kufunga mizigo, Siwema aliwaacha samaki mezani. Athumani aliwaona. Akafunga begi. Kwenye uwanja wa ndege, ofisa alitazama picha ya pasipoti, akamtazama mwenye picha, akagonga muhuri. Kwa upande wa serikali hakukuwa na tatizo.

Malta kulikuwa na bahari nzuri, kama walivyoahidiwa. Jioni ya kwanza walitembea ufukweni wameshikana mikono. Mkono wa mkewe ulikuwa baridi. Hakuna aliyewacheka.

Baadaye wakakaa mgahawani, mhudumu akaleta sahani ya nyama nyeupe yenye mafuta. Athumani aliuliza ni nyama gani. Mhudumu akamwambia. Athumani akaisukuma pembeni.

Mbele yake mkewe alikuwa anatafuna.

"Siwema," alisema polepole. "Hujauliza nani kachinja."

Akainua uso. Akatabasamu. Harufu ya tope ikapita juu ya meza.

"Kula tu, kaka," alinong'ona. "Tumekuja kustarehe."

Siwema hakuwahi kumwita kaka.

Kibali kiliandikwa wasafiri wawili, na walioondoka ni wawili. Siwema hakurudi kutoka kumsindikiza mgeni.