Ndoo ya Muhogo Mchungu

Kila asubuhi bibi alimjazia mjukuu wake kopo la chakula cha shuleni: leo kiazi kitamu cha njano, kesho gimbi, keshokutwa muhogo wa kuchemsha. Na kila mapumziko jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama ya shavuni, alitangaza darasa zima likisikia: "Mizizi kaleta mizizi! Mwenzetu analishwa na fuko." Kisha, bila haya wala soni, alidokoa kipande akakitafuna.

Jina la Mizizi likamganda. Hakujibu, alikuwa mtu wa kuweka moyoni. Lakini kichwani mwake Kidoti alipigwa kutwa kucha. Alimpiga wakati wa hesabu, akampiga akiosha vyombo, akampiga hata kanisani watu wakiwa wamefumba macho. Alikuwa ameonja chuki, akazidi kujipakulia.

Nyuma ya jiko bibi alikuwa na ndoo ya kulowekea muhogo mchungu. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka bibi mwenyewe aubonyeze muhogo kwa kidole gumba, aunuse, aseme umekubali. Asubuhi moja Mizizi alitoa kipande ambacho bado kilikuwa kigumu, akakichovya kwenye maji ya moto kifanane na vilivyoiva, akakiweka juu kabisa ya kopo. Aumwe tumbo, akome!

"Mizizi, leo fuko kakupa nini?" Kidoti aliuliza mapumziko yalipofika, vidole vikiwa tayari ndani ya kopo. Akakishika kile kile. Mizizi alimwona akikipeleka mdomoni, mtoto mwenye meno yake na mama yake nyumbani, na hofu ikamshika. Akampiga mkono, kipande kikaruka mavumbini. Kidoti akamrudishia kofi la uso.

Jioni Mizizi alimweleza bibi yote. Bibi alikuwa akimenya viazi, kisu kikasimama.

"Mjinga we! Huo una sumu ya kuua, si ya kuumiza tumbo tu! Wadhani nauloweka kwa kupenda maji?"

"Bibi, wazo lilinijia tu..."

"Kukujia si kosa. Kosa ulilikaribisha, ukalipa kigoda, ukalilisha siku zote hizo. Sisi watu wa Kristo wazo baya tunalikamata mlangoni, lingali dogo. Sala nilizokufundisha ni za kazi gani?"

Kesho yake bibi alimpeleka shuleni, akamtaka aungame mbele ya mwalimu na Kidoti.

"Sili chako tena," Kidoti akafoka. "Muuaji mkubwa we!"

Mizizi alisikia lile wazo likiinuka. "Bwana, lishike hili," akaomba kimoyomoyo.

Bibi akatoa kiazi, akakivunja. "Hiki cha njano kina vitamini A, kinalinda macho. Gimbi lina nyuzinyuzi, linasaidia tumbo. Muhogo ulioandaliwa vizuri unatia nguvu. Si vya kuchekwa, wala vya kulipizia kisasi. Anza wewe, Mizizi."

Mizizi akala. Kidoti alimtazama mpaka akameza, kisha akanyoosha mkono, uso bado umekunjwa.

"Bado sikupendi."

"Najua," Mizizi akasema, akampa nusu iliyo kubwa.

"Wazo lile kesho litarudi," bibi akamwambia. "Nawe kesho lifungie mlango tena."