Karatasi Mbili za Maabara

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Mei. Mvua ya rasharasha ilinyesha alfajiri. Kufikia saa mbili jua lilikuwa limetoka na mabati yalifuka mvuke. Nilisali, nikanywa chai. Kisha nikasikia cherehani ikilia chumba cha mbele.

Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Kwa wiki tano cherehani ile ilikuwa kimya.

Mke wangu ni fundi wa kushona. Mtaani wanamwita Sindano, kwa sababu ni mwembamba na maneno yake huchoma. Mimi napaka rangi nyumba za watu. Tuna binti mmoja, naye ana watoto wawili.

Mwanzoni mwa mwaka Sindano alianza kutokwa na damu, ingawa hedhi yake ilikoma zamani. Alificha. Alipokuja kusema, hospitali walimkuta na saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Uvimbe ulikuwa umeshavuka mlango wa kizazi na kushika sehemu za jirani. Daktari alipanga matibabu: siku ishirini na tano za mionzi ya nje, pamoja na dripu ya dawa kila wiki. Baada ya hapo mionzi ya ndani mara tatu, inayopitishwa kwenye vyuma vyembamba hadi karibu kabisa na uvimbe.

Jana yake, Jumanne, alimaliza siku ya ishirini na tano. Alitapika, alikonda, lakini hakukosa hata siku moja. Nilijivunia mke wangu. Damu nayo ilikuwa imekata. Mionzi ya ndani ilipangwa kuanza Alhamisi.

"Mama, umeshaandaa mfuko wa kesho?" nilimuuliza.

"Mfuko wa nini?"

"Wa hospitali."

Hakuinua macho. "Siendi. Nimepona. Mtu akishashiba anaendelea kula?"

Pembeni yake, juu ya stuli, alikaa Bibi Vifungo. Ni rafiki yake wa miaka mingi. Anauza vifungo, zipu na nyuzi, duka la pili kutoka kwetu. Miaka minne iliyopita naye aliugua saratani ya mlango wa kizazi.

"Shemeji, mwache mwenzangu apumzike," alisema. "Mimi nilimaliza ile ya nje. Niliposikia habari za kuingizwa vyuma kule ndani, nilishika viatu mkononi nikatoka. Mbona niko hapa nawauzia zipu?"

"Zipu zenyewe hazifungi," Sindano alimjibu.

Wakacheka mpaka stuli ikalia. Mimi sikuweza kucheka. Niliomba kimoyomoyo: Ee Mungu, nionyeshe la kufanya, mke wangu anarudi nyuma akiwa mlangoni.

Nikauliza, "Shemeji, karatasi zako za hospitali bado unazo?"

"Ninazo! Nimezitunza kuliko cheti cha ndoa."

Alizileta. Nilitaka kujua kama daktari wake ndiye aliyemruhusu kuacha, na kama ugonjwa wao ni mmoja kweli. Miaka miwili iliyopita ningezishika karatasi hizo kichwa chini miguu juu. Lakini nimesoma darasa la jioni, na sasa najua kusoma. Niliweka karatasi yake ya maabara na ya mke wangu juu ya meza ya pasi. Nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

Ugonjwa: saratani ya mlango wa kizazi. Sawa na sawa. Hatua: ya tatu. Sawa na sawa. Aina ya saratani. Kidole changu kikasimama. Ya Bibi Vifungo iliandikwa "seli bapa". Ya mke wangu iliandikwa "seli za tezi".

"Hazifanani," nikasema.

"Nini?"

"Saratani zenu. Si aina moja."

"Haya, daktari wa darasa la jioni!" alisema Sindano. "Kesho atanipasua kwa brashi ya rangi."

"Saratani ni saratani tu, shemeji," alisema Bibi Vifungo.

Muda si mrefu aliingia muuguzi wa wodi ya mionzi. Alikuwa na zamu ya mchana, akapitia kuchukua gauni lake jipya la kazi, ambalo Sindano alilimaliza asubuhi ile. Kabla hajaketi nilimpa karatasi zile mbili na kumweleza yote. Sindano alinitupia jicho kali.

Muuguzi alisoma. "Baba ameona sawasawa," alisema. "Mlango wa kizazi una seli za namna mbili. Kwa nje umefunikwa na seli bapa, zimepangika kama magamba ya samaki. Kwa ndani kuna seli za tezi, zinazotoa ute. Saratani nyingi huanzia kwenye zile bapa. Chache huanzia kwenye za tezi."

"Na tofauti yake?" niliuliza.

"Ikishafika hatua kubwa, ile ya tezi mara nyingi ni ngumu zaidi. Mionzi huifanyia kazi, lakini huweza kuchelewa kusinyaa, na hurudi kwa watu wengi zaidi. Kwa wastani, wanaoishi miaka mingi baada yake ni wachache kuliko wale wa seli bapa."

Cherehani ilinyamaza. Sindano aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi nitakufa?"

"Sijui siku ya mtu, mama. Anayeijua ni Mungu peke yake. Wastani ni hesabu ya watu wengi, si hukumu yako wewe. Wako wa seli za tezi waliopona kabisa. Ninachokijua ni hiki: anayemaliza matibabu yote, kwa wakati, ana nafasi kubwa kuliko anayeacha njiani. Damu kukata ni dalili njema, lakini haisemi kwamba uvimbe umekwisha."

"Mwenzangu aliacha, na yupo."

Muuguzi alimgeukia Bibi Vifungo. "Namshukuru Mungu kwamba upo, mama. Lakini hata wewe ulitakiwa kumaliza. Uliruka mto uliojaa ukafika ng'ambo. Usimwite mwenzako aruke hapohapo." Kisha akachukua gauni lake na kulifunua. "Fundi, hili umelishona kwa kipimo cha nani?"

"Chako."

"Kwa nini hukutumia cha mwenzangu wa wodini? Naye ni muuguzi, na gauni ni lilelile."

"Ah! Si lingekubana kifuani?"

Alipomaliza kusema, Sindano alijiziba mdomo. Alitazama karatasi mbili pale mezani. Miaka thelathini hajawahi kumshonea mtu kwa kipimo cha mwingine.

"Naogopa vile vyuma," alisema hatimaye. "Na naona aibu."

"Utapewa dawa ya maumivu. Utafunikwa vizuri. Nitakushika mkono mpaka tutakapoanza, na tukimaliza utanikuta."

Sindano aliinuka, akazima pasi. "Baba, niletee mfuko."

Alikwenda Alhamisi ile, akaenda mara zote tatu. Haikuwa rahisi, lakini alitembea kwa miguu yake mwenyewe, kichwa juu. Binti yetu naye alikwenda kupimwa mlango wa kizazi, akakutwa salama. Mjukuu wetu wa kike wa miaka kumi akapata chanjo ya kuzuia saratani hii.

Baada ya miezi mitatu mke wangu alichunguzwa na kupigwa picha. Jumapili alasiri tulikaa chumba cha mbele: binti yetu, Bibi Vifungo, muuguzi na majirani wawili. Sindano alinipa karatasi ya majibu.

"Soma wewe," alisema. "Msomaji wa nyumba hii ni mume wangu." Alisema hivyo bila mzaha.

Nilisoma kwa sauti: "Uvimbe hauonekani." Tulimshukuru Mungu, wengine kwa machozi.

"Hauonekani leo," muuguzi alitukumbusha. "Aina hii hupenda kurudi. Miaka miwili ya mwanzo, uchunguzi kila miezi mitatu."

Bibi Vifungo alikohoa. "Mimi sijachunguzwa mwaka wa tatu huu. Jumatatu naenda. Nisipokwenda, msininunulie hata kifungo kimoja."

"Tukose vifungo, suruali zituanguke?" jirani mmoja alisema, tukacheka.

Ndipo mke wangu aliposimama. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nyote mnisikie, nanyi ni mashahidi wangu mbele za Mungu," alisema. "Kila miezi mitatu nitakwenda. Nikijisikia mgonjwa, nitakwenda. Nikijisikia mzima, nitakwenda."